Nimemlisha Pweza Fundi wa Kompyuta, Mizigo Ikaenda Kwingine

Bi Mwanabaraka mpendwa, mshauri wetu wa redio, assalaam alaykum. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka nimalize, maana nikianza miye kuhadithia watu hucheka kabla ya wakati. Jina langu Pandu Ame, hapa Mkoani ukishuka kwenye boti ukamuulizia Pandu wa Mizigo hata mbuzi atakuonesha njia. Miye sikusoma, skuli niliingia kwa mlango wa mbele nikatokea wa nyuma, anayeandika hapa ni mke wangu Bi Moza, nimemwambia aandike kila ninachosema asipunguze, na akiongeza lake aseme kuwa ni lake.

Kazi yangu ni kupokea mizigo inayokuja na boti kutoka Unguja na kuisafirisha inayokwenda, mwaka wa arobaini na moja huu, na kwa miaka yote hiyo sikuwa na daftari wala kalamu. Mzigo naujua kwa kanga uliyofungiwa na kwa fundo. Watu wa Kengeja hufunga fundo mara mbili, watu wa Kisiwa Panza hupitisha kamba chini kwanza, na kuna bibi mmoja Chokocho kila pakacha lake hulitia kitambaa chekundu. Mwaka mmoja alishuka ng'ombe hana mwenyewe, gati nzima wanauliza ng'ombe wa nani, miye nikatazama kamba tu nikasema huyu wa Kificho wa Mtambile, na Kificho alipokuja akalia kwa furaha. (Hapa nasema mimi Moza: alikuwa mbuzi, na Kificho hakulia.)

Sasa mizigo ikazidi, watu siku hizi wananunua vitu kwa simu, boti moja inashusha vifurushi mia mbili, na miye umri umeingia, mafundo mengine nikawa nayaota badala ya kuyajua. Bi Moza akasema tutafute kompyuta. Wakatuambia yuko binti mmoja Wete, pale Jadida, anaitwa Mwatum, ana kampuni yake ya watu watatu, wanatengeneza programu za maduka na skuli. Nikampigia, akasema Mzee Pandu kabla sijakutengenezea kitu nataka nije nione mnavyofanya kazi. Nikasema karibu sana mwanangu.

Bi Mwanabaraka, hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo silielewi vipi limekuwa kosa. Miye nimelelewa, mtu akija kwangu anakuta pamefagiliwa. Siku ile ilikuwa siku ya boti, nikawaambia wachukuzi wote na mkubwa wao Hija wakae mbali mpaka mgeni aondoke, mizigo nikaifungia stoo ya nyuma, nikatandika jamvi jipya, udi ukafukizwa, Bi Moza akapika pweza wa nazi na mkate wa kumimina na juisi ya bungo. Mwatum akaja na kompyuta yake ya begani, akala, akashukuru, kisha akauliza mizigo mnaiandikaje. Nikaona nitamwambiaje mtoto wa watu aliyesoma kuwa miye naitazama mafundo. Nikamwambia kila mzigo una jina la mwenyewe na la babake na namba ya simu, na mwenyewe anakuja kuuchukua kwa mkono wake. Akaandika. Akaja mara ya pili, mara ya tatu, kila akija pweza, na hakuuona mzigo hata mmoja. Nilimpokea kama mkwe, wallahi hata mkwe wangu wa kweli hajawahi kula vile.

Kompyuta ikaja, Bi Moza akaikalia, ikaanza kazi siku ya boti iliyojaa. Mzigo wa kwanza umeandikwa "Mpe yule wa juzi". Kompyuta inataka jina la baba. Wa pili umeandikwa "Mama Tatu, nyumba ya bati jipya". Kompyuta inataka namba ya simu, haikubali kuendelea bila namba, basi Bi Moza akawa anaijazia kila mzigo namba ya simu yangu miye. Na ile programu ina akili, kila mzigo ukiingia inampelekea mwenyewe ujumbe kuwa mzigo wako umefika. Mfuko wangu ukaanza kulia. Nimepata ujumbe tisini na moja kwa asubuhi moja, wote wananipongeza kuwa mzigo wangu umefika.

Hilo lilikuwa la kuchekesha, la kutochekesha linakuja. Watu wa Kisiwa Panza hawaji wote, humtuma mmoja achukue ya nyumba kumi arudi nayo. Kompyuta ikasema hapana, kila mwenye mzigo asimame mwenyewe. Siku ile mzigo mmoja wa Panza ulikuwa sanduku la bi harusi, jina lake Mwanaasha, harusi kesho yake. Aliyetumwa akakataliwa. Mchana akatokea Mwanaasha mwingine wa Kengeja, jina lake sawa na la babake sawa, kaja kuchukua gunia lake la mchele, kompyuta ikamkubali vizuri kabisa, akapewa sanduku. Tulipolifuata, shuka za bi harusi zimeshatandikwa, na mumewe kazilalia. Kule Panza bi harusi amekaa na shuka za kuazima, na mama yake alikuja gatini akasimama mbele ya duka langu la mizigo akasema maneno ambayo Bi Moza amekataa kuyaandika. Katika wiki ile nusu ya watu wa Panza wakahamishia mizigo yao kwa wengine. Miaka arobaini na moja, na biashara ilikuwa inaniponyoka hivi hivi naiona.

Miye nikawaka. Nikampigia Mwatum aje, akashuka kwenye gari, sikumngoja hata afike dukani, nikamwambia pale pale gatini mbele ya wachukuzi na abiria, "Weye umenitia aibu, rudi ukasome tena." Alisema tu samahani mzee, akapanda gari ile ile akarudi Wete.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe mke wangu, huyu anayeandika, alimpigia nyuma ya mgongo wangu. Akamwambia njoo siku ya boti, pita mlango wa stoo, vaa kanga za kawaida, usimwamkie mtu. Mwatum akaja, akakaa karibu na mizani pamoja na Hija siku mbili za boti, kanga imefunika kichwa, na miye nilimpita mara ngapi sijui. Mara moja nikamwambia, "We mama, kama umengoja mzigo kaa upande ule, hapa unatuzuia." Akainuka, akahama. Fundi wangu mwenyewe nimemfukuza kwenye mizani nisimjue. Bi Moza kila akifika hapa anaweka kalamu chini acheke kwanza.

Kwa siku mbili zile aliona yote. Aliona mafundo, akaona mtu mmoja anachukua vya nyumba kumi, akamsikia Hija anavyoita mizigo kwa sauti, akaona "Mpe yule wa juzi". Akarudi Jadida, baada ya siku kumi akaleta programu nyingine kabisa. Sasa kila mzigo unapigwa picha kwa simu, kanga na fundo vyote vinaonekana, unabandikwa stika ya namba, Hija anaita namba. Jina la baba ukiwa nalo sawa, huna andika nyumba ya bati jipya. Na mtu wa Panza akija anaandikwa kuwa huyu ndiye anayepokea kwa niaba ya wenzake kumi, anasaini kwa kidole, mambo yamekwisha. (Moza: ila stika hubanduka, na nimemwona Hija anazibandika kwa mate.)

Ikaja wiki ya Idd. Nikwambie nini Bi Mwanabaraka. Boti tatu kwa siku moja, vifurushi mia nne na kumi na viwili, makapu, mapolo, sofa, kabati la kioo, majogoo sita. Maduka ya jirani watu wanagombana, wanavutana kanga, mmoja kaondoka na keki ya mwenziwe. Kwangu miye Hija anaita namba kama muadhini, watu wanaitikia, mzigo unatoka. Alasiri haijaadhiniwa stoo nyeupe, imebaki paka tu. Haikupotea hata sindano. Watu wa Panza wakarudi wote, na yule mama wa bi harusi akaja, akatazama stoo tupu, akasema, "Leo Pandu umekuwa mtu." Nilitembea gati yote siku ile kifua mbele, na kila aliyeniuliza hii akili ya picha na fundo kaitoa nani, nikamwambia nimeitoa miye. (Moza: aliwaambia hata wasiouliza.)

Sasa shida yangu ndiyo hii. Baada ya Idd Mwatum akaja, akakataa kula. Akasema nataka tuzungumze, kisha akaniambia maneno haya: "Mzee Pandu, miye si mgeni wako. Miye nafanya kazi na weye. Ukiendelea kunikaribisha siwezi kukusaidia." Akatoa karatasi. Anataka kila mwezi siku moja ya boti aje asipokewe na mtu, akae na wachukuzi. Kitu kikiharibika aambiwe yeye, siku ile ile, si watu wa gatini. Na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tukae miye, yeye, Hija na wachukuzi, kila mtu aseme mwezi huu kaharibu wapi, na aanze mwenye duka. Nikikubali anaendelea, na yeye naye ameandika yake atakayotufanyia. Nisipokubali atatuachia kila kitu kwa utaratibu mzuri na ataondoka, na wenye maduka wawili wa hapa wanamngoja kwa mikono miwili. Kanipa mpaka Alhamisi.

Bi Mwanabaraka, miye na ndevu hizi, nikae mbele ya Hija niliyemwajiri hana hata ndara, nianze kusema makosa yangu, na binti wa umri wa mwanangu wa mwisho anaandika? Na amekuja bwana mmoja wa mjini, na tai yake na mkoba, anasema atanitengenezea programu kubwa zaidi, hakuuliza swali hata moja, kala vizuri, kila nikisemacho anasema inawezekana mzee. Huyo ananipa heshima. Nimchukue huyo, au nikubali ya Mwatum? Nijibu kabla ya Alhamisi, na ukinisuta nisute taratibu, nasikilizwa Pemba nzima.

Pandu Ame, Mkoani

---

Mzee Pandu, wa alaykum salaam, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kucheka na ya pili kwa kukasirika. Umeniomba nikusute taratibu. Nitajaribu, sikuahidi.

Kwanza pokea pongezi. Mizigo mia nne na kumi na miwili kabla ya alasiri katika wiki ya Idd, hapo hata mimi niliyeko mbali nimesimama. Umeshinda, na ushindi huo hakuondolei mtu. Lakini hujashinda peke yako, na hilo unalijua, ndiyo maana unaandika.

Unasema huelewi kosa lilikuwa wapi. Basi nikuambie. Binti alikuja kuona kazi, wewe ukamwonesha jamvi. Ukawafukuza watu wanaoijua kazi, ukaifungia mizigo, ukamwambia mambo ambayo ungependa yawe kweli. Yeye akaenda kulitengenezea programu duka hilo la uwongo, na akalitengenezea vizuri sana. Halafu duka la kweli lilipokataa, ukamwambia akasome tena, mbele za watu. Mzee wangu, nani alihitaji kusoma hapo?

Ukarimu wako ni mzuri, usiuache. Mlishe Mwatum pweza siku ya harusi yake. Siku ya boti mpe mizani. Mtu unayemwita akutengenezee kazi yako lazima aione ikiwa chafu, watu wanapigiana kelele, stika zinabanduka, na wewe mwenyewe umekasirika. Ukimficha hayo umemficha kilichomleta.

Na wewe Mwatum, najua redio za Jadida zinanipata vizuri, kaa hapo hapo nawe. Mara tatu ulikula kwenye duka la mizigo ambalo halina mzigo. Hukushangaa? Ulishangaa, ukanyamaza kwa kumstahi mzee, ukarudi ofisini ukaanza kazi na shaka ikiwa moyoni. Bi harusi wa Panza alilalia shuka za kuazima kwa heshima yako hiyo. Ungesema tu, "Baba, naomba nione stoo," asingekupiga. Kumuuliza mzee si kumvunjia adabu, kuna namna ya kuuliza na nyinyi wa Wete mnaijua.

Bi Moza, wewe sina la kukwambia. Endelea.

Sasa yule bwana wa tai. Mzee Pandu, umeumwa na nini? Mtu huyo hakuuliza swali hata moja na wewe unasema anakuheshimu. Anakuheshimu vile ulivyokuwa unamtaka Mwatum akuheshimu, na umeshaona mwisho wake ulikuwa kwenye kitanda cha watu Kengeja. Ukitaka kumjua, mwambie siku ya boti avue tai akae na Hija kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Akikubali, nitamwomba radhi hapa hapa redioni. Ataondoka na mkoba wake, utaona.

Kuhusu ndevu zako. Unaogopa kusema makosa mbele ya wachukuzi. Mzee, wachukuzi wanayajua. Hija anajua kila kosa lako tangu siku aliyokuja kwako bila ndara. Kitu asichokijua ni kama wewe unayajua, na ndiyo maana yeye hasemi ya kwake, stika inabanduka anaibandika kwa mate, ananyamaza mpaka siku mbaya. Siku utakayoanza wewe, na yeye atafungua mdomo. Mwatum hakutaka kukudhalilisha alipoandika aanze mwenye duka. Alijua hakuna mwengine atakayethubutu kuanza.

Kwa hiyo fanya hivi. Usingoje Alhamisi. Jumatano asubuhi panda gari mwenyewe uende Jadida, usimtume mtu, na usichukue chakula. Karatasi yake mkubalie yote. Kisha mwombe na yeye aongeze mambo mawili: kwamba akiona jambo halimkai sawa ataliuliza siku ile ile hata kama wewe umenuna, na kwamba akiwa anaumwa au amesafiri kuna mwenziwe katika wale watatu anayeijua kazi yenu na namba yake mnayo. Yaandikwe kwa Kiswahili cha kusomeka, Bi Moza akusomee neno kwa neno, ndipo utie kidole.

Halafu siku ya boti, pale pale gatini ulipomtukana, mbele ya watu wale wale, sema fundi wa picha na fundo ni Mwatum wa Jadida. Sema kwa sauti ile ile uliyotumia kumtukana, naona sauti unayo. Hilo usiliahirishe, ukiliahirisha litakuwa kubwa kuliko wewe.

Nenda, mzee. Binti huyo ametoa miezi ya maisha yake kulielewa duka lako, na mwengine wa hivyo hutompata kwa pweza.

Bi Mwanabaraka

---

Wasikilizaji, Mzee Pandu ametuletea maneno mengine na ametaka yasomwe bila kukatwa. Nayasoma.

Bi Mwanabaraka, nimekwenda. Jumatano, bila chakula, mkono mtupu kama mwizi. Mwatum kanipokea kwa maji ya kunywa tu, nikajua huyu tutafanya naye kazi. Karatasi nimetia kidole, na yale mawili yako yameingia, na yeye amesema ni kweli aliiona stoo imefungwa mara ya kwanza kabisa akaona haya kuuliza. Bwana wa tai nilimwambia aje akae na Hija siku ya boti. Hajaja, simu yake inaita tu.

Gatini nimesema. Boti imefunga, abiria wanashuka, nikapanda juu ya mizani ili nionekane, nikasema akili ile si yangu, ni ya huyu hapa. Wachukuzi wakapiga makofi, mmoja akauliza kwa hiyo mzee yako ipi, nikamwambia yangu ni kumjua wa kumwita. Mwatum hakucheka, alikuwa amekazana na stika, maana siku ile alikuja kufanya kazi.

Na Jumamosi tumekaa. Sote chini, jamvi la zamani, chai kavu. Nikaanza miye kama ilivyoandikwa. Nikadhani nitasema moja nimalize, lakini nilipoanza yakaja yenyewe: shuka za bi harusi, uwongo wa majina, mizigo ya Chokocho ninayoificha karibu na mlango ili itoke kwanza kwa sababu yule bibi wa kitambaa chekundu huniletea muhogo, kumfukuza fundi kwenye mizani. Hija akatoa ya kwake, akakiri ile ya mate. Mwatum akatoa ya kwake. Saa nzima, na stika mpya zisizobanduka zimeshaagizwa.

Nimehesabu, na Moza ni shahidi. Mwatum alikuwa na makosa matano, Hija manne, wachukuzi wote pamoja sita. Miye kumi na saba. Nimewashinda wote, na mwezi ujao waje wamejiandaa.